Nani Aliamua Tusibebe Redio?

Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Methali hii nimeisikia kwenye harusi kuliko kwingine kokote. Kuna mjomba fulani hushika maikrofoni, akamkazia macho bibi harusi, na ukumbi mzima unaelewa: nahodha ni mmoja, na si wewe. Nilipofungua kitabu cha Sophie Elmhirst, *Maurice and Maralyn* (2024), nilikuwa natafuta jibu la kumpa huyo mjomba.

Kisa ni cha kweli. Maurice na Maralyn Bailey walikuwa Waingereza wa Derby, watu wa maisha ya kawaida tu. Maralyn ndiye aliyetoa wazo: tuuze nyumba, tununue mashua ya matanga, tuhamie humo. Na hata kuogelea hakujua! Mwaka 1972 waling'oa nanga kuelekea New Zealand. Tarehe 4 Machi 1973, wakiwa kati ya Panama na visiwa vya Galápagos, nyangumi aliitoboa mashua yao, Auralyn. Ikazama chini ya saa moja. Wakabaki na chelezo cha mpira na kimashua cha kujaza upepo, karibu miezi minne, hadi meli ya uvuvi ya Korea ilipowaokota.

Auralyn haikuwa na redio ya kuita msaada. Maurice ndiye aliyeikataa. Alitaka uhuru kamili, dunia isimsumbue. Hapo nilifunga kitabu kidogo. Ndoto ya wawili, sharti la mmoja, na bili ikaletwa kwa wote. Si tunaijua hii? Mnahamia pamoja, mwenzako anaamua jambo, unanyamaza kwa sababu linaonekana dogo. Udogo wake unaisha siku maji yanapoingia.

Kitabu kinanoga wakiwa chelezoni. Maurice, mjuzi wa kusoma nyota, anakata tamaa. Maralyn anageuza pini kuwa ndoana. Anatengeneza karata na dhumna za karatasi. Njaa inawauma na yeye anapanga vyakula vya karamu, kisha anachora mashua watakayojenga wakirudi nyumbani. Meli zinapita bila kuwaona. Elmhirst haweki mbwembwe: sentensi zake ni fupi, na kasa wanachinjwa mbele ya macho yako. Mapenzi hapa hayana picha za machweo za kupost. Ni watu wawili wanaogawana maji ya mvua na kujaribu kutochukiana.

Lakini nina ugomvi na kitabu hiki. Maralyn wake karibu hachoki. Kila Maurice anapozama moyoni, yeye yupo kumwinua. Na sisi wasomaji tunampigia makofi, yaani kama tunavyowapigia mama zetu Siku ya Akina Mama, halafu tunawaachia vyombo. "Mwanamke jasiri" ni sifa tunayoitoa haraka pale ambapo tungetoa msaada. Nilitamani kurasa zaidi ambapo Maralyn anakasirika, anataka kubebwa, anauliza ile redio iko wapi. Kitabu walichoandika wenyewe mwaka 1974, *117 Days Adrift*, kiliwapa zamu ya kusimulia, huyu kisha yule. Elmhirst anawatazama wote wawili kutoka nje, na anaona mengi ambayo wao wasingeyasema. Ila ile nafasi ya kusikia sauti mbili zikibishana imepotea.

Hata hivyo kisome, hasa mwisho wake. Walijenga Auralyn II kweli, wakarudi baharini, wakafika Patagonia. Maralyn alifariki mwaka 2002. Maurice aliishi hadi 2018, na kurasa za mjane huyu mpweke zilinikaba koo kuliko zile za njaa.

Sasa, mjomba. Chombo cha hawa wawili hakikuzamishwa na wingi wa manahodha. Kilikuwa na nahodha mmoja, tena mjuzi, na alipovunjika moyo mwenzake alishika usukani, wakafika. Mimi na mwenzangu tunahamia bedsita moja Roysambu mwezi ujao. Jana usiku nilimwomba tukae chini, tuandike ni mambo gani kila mmoja wetu ameshaamua bila kumuuliza mwenzake. Orodha yangu ndiyo iliyokuwa ndefu zaidi.