Mia Tatu, na Wale Wasiohesabiwa

Watu wakitaja makosa ya kihistoria katika filamu ya 300, kwa kawaida huanza na vifua. Askari wa Sparta hawakwenda vitani na chupi ya ngozi na joho jekundu tu. Walivaa chepeo za shaba, na wengi wao dirii pia. Kisha hutajwa kifaru anayekuja mbio upande wa Waajemi, na Xerxes mwenye upara na vipuli usoni, ilhali wachongaji wa Uajemi waliwachonga wafalme wao wakiwa na ndevu ndefu. Yote hayo ni kweli, na mimi hayanisumbui. Frank Miller alipoichora katuni yake mwaka 1998, na Zack Snyder alipoigeuza kuwa filamu miaka minane baadaye, hawakuwa wakitengeneza picha za makumbusho. Msanii ana ruhusa ya kumvua mtu dirii.

Kinachonisumbua ni hesabu.

Mwaka 480 K.K., katika njia nyembamba ya Thermopylae, Leonidas aliongoza jeshi la miji mingi ya Kiyunani, jumla yao kiasi cha watu 7,000. Wasparta walikuwa 300. Siku ya tatu, Waajemi walipokwisha kuwazunguka, wengi waliondoka. Lakini Herodotus, ambaye ndiye chanzo chetu kikuu, anasema kwamba watu 700 wa mji wa Thespiae walikataa kuondoka, wakafa pale pale. Katika mwisho wa filamu hawaonekani. Serikali ya Ugiriki yenyewe iliwajengea mnara wao pale mwaka 1997, zaidi ya miaka 40 baada ya ule wa Leonidas.

Chini ya Wathespia kuna kundi jingine lililofutwa kabisa: maheloti. Hawa walikuwa wakulima wa Laconia na Messenia waliotiwa utumwani na Sparta, wakafungwa kwenye ardhi waliyoilima, mazao yakaenda kwa mabwana zao. Walikuwepo Thermopylae. Herodotus anamtaja Eurytus, Msparta aliyeugua macho hata asione, akamwamuru heloti wake amvishe silaha na kumshika mkono hadi vitani. Heloti alimfikisha, akageuka na kukimbia. Jina lake halikuandikwa. Mimi ningelipa kiingilio kuitazama filamu ya mtu huyo.

Mtu ataniuliza: kwa nini kumvua mtu dirii ni ruhusa, na kumfuta heloti ni kosa? Jibu langu ni kwamba dirii ni pambo, bali heloti ndiye nguzo. Hadithi nzima ya 300 imejengwa juu ya neno moja, uhuru: watu huru wachache dhidi ya jeshi la watumwa. Mwingize heloti mmoja kwenye fremu, akiwa amebeba ngao ya bwana wake, na hotuba za Leonidas zinaanza kusikika vingine.

Tazama lile tukio maarufu ambapo Leonidas anawauliza askari wa Arkadia kazi zao. Mmoja ni mfinyanzi, mwingine mchongaji, mwingine mhunzi. Kisha anawageukia Wasparta wake, nao wanajibu kwa mngurumo wa vita. Watazamaji hushangilia. Kisa hiki ni cha kale kweli. Plutarch anakisimulia juu ya Agesilaus, mfalme wa Sparta aliyeishi vizazi kadhaa baada ya Leonidas. Lakini kichekesho hiki kina gharama. Msparta hakuwa na kazi nyingine kwa sababu kulikuwa na mtu mwingine shambani. Waarkadia wanaochekwa ndio waliokula jasho lao wenyewe.

Au mtazame yule kijana anayetumwa porini usiku wa baridi na kumuua mbwa mwitu mkubwa, ili awe mwanamume. Kwa mujibu wa Plutarch, vijana wa Sparta walitumwa vijijini kweli, na panga fupi, nao usiku waliua maheloti. Filamu imemweka mnyama mahali pa mkulima.

Wapo wanaoitetea filamu kwa hoja nzuri: msimulizi ni Dilios, askari anayewatia wenzake moyo kabla ya vita vya Plataea, kwa hiyo chumvi yote ni yake. Ningekubali kama filamu ingetuonyesha walau ufa mmoja katika maneno yake. Haituonyeshi. Inamalizika na Dilios akijivunia Wasparta 10,000 wanaoongoza Wayunani huru 30,000. Katika Herodotus, Wasparta 5,000 walikwenda Plataea na maheloti 35,000, saba kwa kila mmoja.

Wala si kweli kwamba ukweli huua burudani. Mwaka 2013 Kieron Gillen na mchoraji Ryan Kelly walianza kutoa katuni iitwayo Three, juu ya maheloti watatu wanaoikimbia Sparta, wakimtumia Stephen Hodkinson, mwanahistoria wa Sparta, kama mshauri. Mbio zipo, damu ipo, hofu ipo. Kilichobadilika ni nani anayefuatwa na macho yetu.

Herodotus anasimulia kwamba baada ya vita Xerxes aliwaficha maiti wake wengi makaburini, akaacha 1,000 tu, kisha akawaita mabaharia wake waje kutazama. Hila hiyo haikumdanganya mtu. Lakini walipozitazama maiti za Wayunani, wote walidhani kwamba waliolala pale ni Wasparta na Wathespia peke yao. Maheloti walikuwa miongoni mwao, mbele ya macho yao.