Turbo Pascal ndani ya Windows 11: lugha haina kosa

Kwa wanafunzi wa informatiki hapa Bunia swali hili halizeeki: kompaila gani itachora kwenye mashini mpya? Jibu linalozunguka pamoja na flashi liko lile lile: chukua Turbo, weka ndani ya DOSBox, fanya TP yako, pata pointi, basi. Mimi naona jibu hilo linatudanganya.

Kwanza tuitendee Turbo haki. Borland ilitoa Turbo Pascal mwaka 1983, kazi ya Anders Hejlsberg, yule yule aliyekuja kuongoza C# na TypeScript. Mwaka 1987, toleo la 4.0 likaleta BGI, maktaba ya michoro. Mistari michache tu, na duara linaonekana. Iko nyepesi, iko haraka, haidai intaneti. Kwa anayeanza, kuona duara lake mwenyewe kunamfunza hesabu kuliko ubao mzima wa maelezo.

Lakini programu ya Turbo ni ya biti 16. Windows ya biti 64 haiifungui, na Windows 11 iko ya biti 64 peke yake. DOSBox inaiga kompyuta ya zamani, ndiyo maana Turbo inaishi mule. Shida inaanza siku mwenye farmasi anakuomba programu ya kuhesabu dawa zake. Utampelekea nini? Faili yako haifunguki kwake, mpaka umwekee DOSBox pia na umfundishe amri zake. Nani atakubali? Masomo yako yanabaki kwenye ile skrini ya bluu.

Wengine wanachukua Code::Blocks pamoja na WinBGIm ili waendelee na graphics.h. Inawezekana, ila maktaba hiyo inayozoeleka ni ya biti 32. Ukiiunganisha na kompaila ya biti 64 inakataa, na mwanafunzi anashinda siku nzima akitafuta kosa kwenye mistari yake, kumbe haina kosa. Visual Studio nayo iko na nguvu, lakini inadai giga nyingi, na sisi tunanunua mega kwa kuhesabu.

Chaguo langu ni Free Pascal. Ni ya bure, inatumika kwenye Windows na Linux, na iko na yuniti ya Graph, kwa hiyo mazoezi mengi ya zamani yanapita na marekebisho madogo. Kwenye Windows, ukichora, soma vitufe kwa wincrt badala ya crt. Ukitaka madirisha na vitufe vya kubofya, kuna Lazarus, na menyu zake zinaweza kuwa za Kifaransa. Mmoja akipakua, wengine wananakili kwa flashi, na leseni inaruhusu.

Kasoro ziko. Waajiri wanaotafuta mtu wa Pascal ni wachache, na faili ya kwanza ya Lazarus inatoka nzito mpaka uondoe taarifa za kutafutia makosa. Lakini inafunguka kwa mteja.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wanaotunga TP: msihesabu pointi kwa picha ya skrini peke yake. Ombeni faili inayofunguka kwenye mashini ya mtu mwingine, bila DOSBox.