Nyumba Iliyonyamaza

Wahenga wetu walituachia methali isemayo kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Methali hii ni njema, na mara nyingi imeokoa ujirani na udugu. Watu wawili waliogombana juu ya mpaka wa shamba hufanya vema kuikumbuka, kwani kuyahesabu makosa ya zamani kila siku ni kujinyima amani. Lakini kila methali ina mahali pake pa kazi, kama jembe na shoka. Je, mtoto aliyeumizwa angali mdogo, asielezwe ni nini kilichomwumiza wala kwa nini, aweza naye kuambiwa kwamba yaliyopita si ndwele? Riwaya iitwayo Gravel Heart, maana yake moyo wa changarawe, yalitazama swali hili kwa subira. Jibu lake, kama nilivyoielewa, ni kwamba yaliyopita huwa ndwele kubwa maadamu hayajasemwa.

Mtungaji wa riwaya hii ni Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Unguja mwaka 1948, akaenda Uingereza katika miaka ya mwisho ya 1960, na huko akawa mwalimu wa fasihi katika Chuo Kikuu cha Kent. Mwaka 2021 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Huandika kwa Kiingereza. Na riwaya yake Paradise, iliyotoka mwaka 1994, imekwisha kufasiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Peponi. Gravel Heart ilitolewa mwaka 2017. Lugha yake ni ya ng'ambo, lakini vichochoro, maduka na adabu za watu wake ni za Unguja, na msomaji wa pande zetu hatajiona mgeni ndani yake.

Msimulizi ni Salim, kijana wa Unguja. Alipokuwa na umri wa miaka 7, Masud, baba yake, aliondoka nyumbani akaenda kukaa katika chumba nyuma ya duka la mtu. Hakuhamia mji mwingine wala hakuoa mke mwingine. Alikuwa palepale karibu, mtu mpole, mnyamavu, asiyejali tena mavazi wala shughuli za dunia. Mama, jina lake Saida, aliendelea kumpikia na kumpelekea chakula kila siku, na baadaye kazi hiyo ikawa ya Salim. Hakuna aliyemweleza mtoto sababu ya mambo haya. Akiuliza, hujibiwa kwa maneno yasiyofungua kitu. Ndipo akakua akiamini kwamba baba yake hakumtaka.

Hapa ndipo mtungaji anapoonyesha kwamba amejua moyo wa mtoto. Mtu mzima akikuta mlango umefungwa, hufikiri kwamba mwenye nyumba ana sababu zake. Mtoto akikuta mlango umefungwa, hufikiri kwamba umefungwa kwa ajili yake. Asipopewa sababu ya kweli, hujitungia ya uwongo, na mara nyingi hujitia hatiani mwenyewe. Salim hakupigwa wala hakunyimwa chakula. Alipendwa na mama yake, akasomeshwa, akavikwa. Hata hivyo aliumia, na jeraha lake halikuonekana na mtu. Msomaji asidhani kwamba majeraha ya utotoni ni yale ya fimbo tu.

Tukitazame kile kikapu cha chakula. Nadhani ndicho kitu chenye maana kubwa katika riwaya nzima, ingawa mtungaji hasimami kukisifu. Mke na mume hawasemezani, lakini kila siku chakula kinapikwa na kila siku kinapelekwa. Je, huo ni upendo, ni toba, au ni desturi tu? Salim hawezi kujua, naye ndiye anayekibeba. Kikapu kile kilikuwa kama barua isiyoandikwa, na mtoto alikuwa tarishi asiyejua kusoma. Watoto wengi wa nyumba zenye ugomvi wa chini kwa chini wamepewa kazi ya namna hii: kupeleka salamu, kuleta fedha, kusema "mama amesema" na "baba amesema", huku mzigo wenyewe hawaujui uzito wake.

Baadaye Salim alichukuliwa na mjomba wake Amir, aliyekuwa mwanadiplomasia, akaenda kusoma London. Mjomba alimchagulia masomo ya biashara. Salim hakuyapenda, akashindwa, na mwisho wake akaondolewa katika nyumba ile. Akaishi na wahamiaji wenzake, akafanya kazi, akahamia fasihi, akapenda na kupoteza. Katika miaka hiyo aliandika barua nyingi kwa mama yake ambazo hakuzipeleka. Nawaomba wanafunzi waliweke jambo hili kando ya kile kikapu. Kule Unguja kitu kilifika kila siku bila maneno. Huku London maneno yameandikwa, wala hayafiki. Mtungaji amezitenga nusu mbili za mazungumzo, na anatungoja tuone lini zitakutana.

Sehemu hii ya London, sina budi kusema, ni ndefu kuliko ilivyohitajiwa. Watu huingia na kutoka, kazi hubadilika, vyumba hubadilika, na msomaji hupata kuchoka. Wako watakaosema kwamba uchovu huo ni wa makusudi, kwa kuwa mtu asiyejua chanzo cha maumivu yake huishi vivyo hivyo, akielea kama jani juu ya maji. Hoja hiyo ina nguvu, lakini hainiridhishi kabisa. Mtungaji aweza kueleza maisha ya uchovu bila kumchosha msomaji. Kama kurasa kadhaa zingalipunguzwa, hasara ingalikuwa ndogo.

Mama akafariki dunia, na Salim akarudi Unguja. Baba yake naye alikuwa amerudi kutoka Kuala Lumpur, alikochukuliwa na baba yake mzazi. Basi kwa usiku kadhaa Masud akamsimulia mwanawe habari zote tangu mwanzo. Saida alikuwa binti wa mtu aliyeuawa baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964. Amir, ndugu yake wa pekee, alikamatwa kwa sababu ya mapenzi yake na msichana wa nyumba ya mkubwa mmoja wa serikali. Saida alipokwenda kumwombea kwa Hakim, ndugu wa msichana huyo na mtu mwenye mamlaka, alitajiwa bei ya kufunguliwa kwake, na bei hiyo ilikuwa heshima yake mwenyewe. Alikuwa amekwisha kupoteza baba. Hakuweza kupoteza na ndugu. Akakubali. Amir akaachiliwa, akapanda cheo. Masud hakuweza kukaa na aibu ile, wala hakuwa na nguvu ya kuipinga. Akaondoka, akanyamaza.

Wasomaji wa Shakespeare watakitambua kisa hiki. Wengi wetu tulimjua mtungaji huyo kwa Kiswahili kwa njia ya tafsiri za Mwalimu Nyerere, lakini mchezo unaohusika hapa ni mwingine, Measure for Measure, ambamo ndimo jina la riwaya lilimotoka. Katika mchezo huo Isabella aombaye uhai wa ndugu yake anatakwa atoe heshima yake kwa Angelo mwenye madaraka. Tofauti ni mbili. Isabella alikataa, Saida alikubali. Tena katika mchezo yuko Mtawala aliyejificha kwa mavazi ya mtu wa dini, anayeona yote, na mwishoni anajidhihirisha na kuyanyosha mambo. Katika Unguja ya riwaya hii hayuko mtawala wa namna hiyo. Hakuna ajaye kuwahukumu wakosaji wala kumtukuza aliyeonewa. Kilichobaki ni baba mzee na mwana wake, usiku, wakizungumza. Mtungaji anatuambia kwamba pale ambapo haki haipatikani, kauli ya kweli yaweza kupatikana, nayo si kitu kidogo.

Wapo wasomaji wasemao kwamba Masud alikuwa mwoga. Hunena kwamba mume wa haki angalimtetea mkewe, au angalau angalikaa amlee mwanawe. Mimi siwezi kumtoa hatiani kabisa. Nguvu za serikali hakuweza kuzishinda. Hilo ni kweli, wala hatulaumiwi kwa yaliyo nje ya uwezo wetu. Lakini kumwambia mtoto, "Sikuondoka kwa ajili yako," hakukuhitaji nguvu za serikali. Maneno hayo machache yangalimwokoa Salim na miaka mingi ya majonzi. Kosa la Masud, basi, si kwamba hakushinda; ni kwamba alikaa kimya mbele ya mtu asiye na hatia. Na utukufu wake mdogo ni kwamba mwishowe alilijua kosa hilo, akafungua kinywa.

Liko jambo moja linalonisumbua zaidi. Aliyeumizwa kuliko wote ni Saida, na siri hii haisimulii yeye. Twaisikia kwa kinywa cha mume aliyemwacha, naye yumo kaburini. Waweza kusema kwamba hii ni kasoro ya riwaya, kwa kuwa mwanamke amenyang'anywa hata simulizi ya maumivu yake. Nami nilipoisoma mara ya kwanza nilisema hivyo. Nilipoisoma tena niliona kwamba mtungaji ametuachia pengo hilo ili lituume. Salim alichelewa. Barua alizoziandika bila kuzipeleka hazina tena mpokeaji. Mtu husema nitauliza kesho, nitaandika mwezi ujao, na kumbe mwenye jibu hana kesho nyingi.

Wanafunzi wa Kenya wanaijua riwaya nyingine yenye mtoto na baba, nayo ni Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotolewa mwaka 1996. Kongowea Mswahili alitoka Tanga akaja Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Yafaa kuzisoma riwaya hizi mbili pamoja. Kongowea hajui baba yake alipo. Dawa yake ni safari, na kila hatua yaweza kumsogeza karibu. Salim alikuwa akimwona baba yake kila siku, naye hakumjua. Safari yake ya kwenda mbali haikumtibu, na dawa yake ilikuwa kurudi, kuketi na kusikiliza. Siku Njema yatufundisha ushujaa wa kutafuta. Gravel Heart yatufundisha ushujaa mwingine, ulio mgumu kwa namna yake: kuyasikia yaliyopatikana, hata yakiwa machungu.

Sasa, je, baba na mwana walipatana? Msomaji aliyezoea hadithi ambazo mwisho wake ni karamu hatapata karamu hapa. Saida hafufuki, nyumba haijengwi upya, miaka iliyopotea hairudi, na Salim anarudi Uingereza. Lakini hasira yake dhidi ya baba yake haina tena pa kusimama, kwa kuwa ile sababu aliyojitungia utotoni imeondolewa. Anamwona baba yake kama mtu aliyevunjika, si kama mlango uliofungwa. Nadhani hayo ndiyo mapatano ya kweli ambayo watu wengi huweza kuyapata: kuwa na habari moja baina yao, wote wawili wakiijua, pasipo mmoja kuibeba peke yake. Kidonda kimekuwa kovu. Kovu halifutiki, lakini laweza kuguswa.

Kwa hiyo tusiitupe methali ya wahenga, tuielewe tu. Kuganga yajayo ni wajibu, lakini mganga haanzi kutibu kabla hajauliza maumivu yalianza lini. Wahenga hao hao walisema pia kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Katika nyumba nyingi za nchi yetu iko habari isiyosemwa: ya mzazi aliyeondoka, ya ndugu asiyetajwa, ya fedha au aibu ya zamani. Mwanafunzi anayeishi katika nyumba kama hiyo ajue mambo mawili kutoka kwa Salim. La kwanza, yamkini kosa analojitwisha si lake. La pili, akipata mkubwa wa kumwamini, awe bibi, mjomba au mwalimu, na aulize kwa adabu wakati mwenye jibu angali hai. Nao wakubwa watakaokisoma kitabu hiki, mmoja wao nikiwa mimi, wamkumbuke Masud na miaka yote aliyoipitisha katika chumba cha nyuma ya duka, akipokea kikapu kutoka mkononi mwa mtoto, akamwacha aende zake bila neno.