Bwana Mwenye Uso na Bwana Asiye na Uso: Mamlaka na Tabaka katika Riwaya Mbili za Shafi Adam Shafi

Utangulizi

Kila mwaka ninapofundisha riwaya ya Kiswahili, huwataka wanafunzi wangu waeleze jinsi mamlaka yalivyojengeka katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978), na kila mwaka majibu yao hufanana. Fuad ni mkatili. Fuad ni mvivu. Fuad ana dharau. Orodha ya maovu ya mtu mmoja hutolewa kana kwamba ndiyo maelezo ya tabaka zima. Mwaka mmoja, mwanafunzi aliyelelewa Changamwe, ambaye baba yake alikuwa kibarua katika bandari ya Kilindini, aliinua mkono akauliza: "Na kama Fuad angekuwa mtu mpole, Mwalimu, Kijakazi angekuwa nani?" Sikuwa na jibu la papo kwa papo. Makala haya ni jaribio la kulijibu swali lake.

Tunadai kwamba Shafi Adam Shafi, katika Kasri ya Mwinyi Fuad na Kuli (1979), ametuchorea miundo miwili tofauti ya mamlaka: ule wa umwinyi, ambamo bwana ana jina na uso, na ule wa ubepari, ambamo bwana hana uso. Uhakiki wetu, kwa mazoea yake ya kumsaka mhusika mwovu, umeisoma riwaya ya pili kwa miwani ya riwaya ya kwanza. Matokeo ni kwamba tunamfunza msomaji kuwachukia mabepari bila ya kumwezesha kuuelewa ubepari.

Ushahidi wa majina

Tuanze na yale yaliyo juu ya jalada. Anwani ya riwaya ya kwanza inamtaja mwenye mali: kuna kasri, na kasri hiyo ni ya mtu. Anwani ya riwaya ya pili ni neno moja tu lisilo na mmiliki. Tofauti hii haiishii kwenye anwani. Kijakazi, ambalo ndilo jina la mtumishi wa Fuad, si jina tu; ni neno linalotaja hali ya mtu kumilikiwa. Anayelisikia neno hilo hana budi kuuliza: kijakazi wa nani? Jina lenyewe linadai bwana.

Kuli naye ni wa nani? Swali hili halina jibu la jina. Kuli ni wa gati, wa shehena, wa meli iliyotia nanga leo. Kesho, pasipo meli, si wa mtu yeyote. Kwa jozi hii ya maneno, mwandishi ametutangazia kwamba tumetoka katika mfumo mmoja na kuingia katika mwingine.

Kijakazi na mamlaka yaliyo moyoni

Aghalabu wahakiki humwona Kijakazi kama mhanga wa Fuad, nao hawakosei. Lakini ukatili wa Fuad, ambao umekolezwa hadi wakati mwingine unakaribia kuwa kibonzo, sio ugunduzi mkubwa wa riwaya hii. Ugunduzi wake ni Kijakazi mwenyewe: mwanamke anayedhulumiwa mchana kutwa na bado akaamini kwamba utumishi wake ni sehemu ya maumbile ya dunia. Vuai anapomzungumzia habari za mabadiliko, maneno hayo hayapati pa kutua. Hata baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Kijakazi haamki mara moja. Sheria imekwisha kubadilika, bwana amekwisha kupoteza nguvu zake, lakini utii ungali unaishi ndani ya mtumishi.

Historia inathibitisha uhalisia wa picha hii. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Unguja na Pemba mwaka 1897, lakini mashamba ya mikarafuu yalibaki mikononi mwa wenyewe. Aliyekuwa mtumwa, na mwanawe baada yake, aliweza kuruhusiwa kukaa shambani na kupanda muhogo wake, naye akampalilia mwenye shamba. Hapakuwa na haja ya mnyororo, kwa kuwa ardhi ilifanya kazi ya mnyororo. Uhusiano huo ulikuwa wa ana kwa ana: mtumishi alimjua bwana kwa sauti na hasira zake, na pengine kwa hisani zake. Na kwa kuwa tabaka Visiwani lilivaa pia nguo ya ukoo na rangi, ilikuwa rahisi kuliona kwa macho.

Hata hivyo, mwinyi mwenyewe hakuwa mwisho wa mnyororo. Kufikia miaka ya 1930, wenye mashamba wengi walikuwa wamefunikwa na madeni, na bei ya karafuu zao ilitegemea masoko yaliyo mbali na visiwa vyao. Nyuma ya bwana mwenye uso alikwisha kusimama bwana asiye na uso. Riwaya ya kwanza haimtazami sana huyu wa pili. Riwaya ya pili inatupeleka bandarini, ambako hatuwezi tena kumkwepa.

Kuli na bei ya siku

Katika Kuli, Rashidi ni mtoto wa kuli anayeishia kubeba mizigo bandarini kama alivyobeba baba yake. Hakuna sheria inayomwamuru kuirithi kazi hiyo, wala hakuna mwinyi anayemwita kwa jina. Anayemwita ni njaa. Karl Marx, katika juzuu ya kwanza ya Das Kapital (1867), alieleza kwamba mfanyakazi chini ya ubepari yu huru kwa maana mbili: yu huru kuiuza nguvu yake kwa amtakaye, na yu huru pia kwa maana kwamba hana mali nyingine ya kumwezesha kuishi pasipo kuiuza. Rashidi anao uhuru huu wa pande mbili, na huo ndio unaomfunga.

Tutazame jinsi kazi ya kutwa inavyoendeshwa. Mwinyi alilazimika kumweka mfanyakazi wake karibu, hata katika msimu usio na mavuno, kwa sababu angemhitaji tena. Kampuni ya bandarini haina wajibu huo. Humlipa kibarua siku yenye meli. Siku isiyo na meli, gharama ya kumlisha kuli huangukia nyumba ya kuli. Mke, mama na majirani wanaitunza nguvukazi ambayo kampuni itaikuta tayari asubuhi ya meli inayofuata, bila ya kuilipia matunzo yake. Hapa hapahitajiki ukatili wa mtu yeyote. Serahangi anaweza kuwa mtu wa sala, karani anaweza kuandika hesabu zake kwa haki, na unyonyaji ukaendelea vilevile. Umo katika mpango wa malipo wenyewe, hata wanaousimamia wakiwa watu wema.

Ndiyo maana silaha ya makuli haikuweza kuwa panga la kumlenga mtu. Ilikuwa mgomo. Riwaya imejengwa juu ya tukio la kweli, mgomo wa Unguja wa 1948, ulioanza kwa wafanyakazi wa bandari mwezi Agosti na kuenea mjini. Mwaka mmoja kabla yake, Januari 1947, wafanyakazi wapatao 15,000 waligoma Mombasa. Mgomo haumwondoi bwana. Unaiondoa kazi sokoni mpaka bei yake izungumzwe upya. Ndiyo sababu miisho ya riwaya hizi haiwezi kulingana. Umwinyi uliosimama juu ya ardhi ungeweza kuangushwa kwa kumnyang'anya mwinyi ardhi, kama ilivyofanywa baada ya 1964 wakulima walipogawiwa eka tatu tatu. Mgomo, hata ukifanikiwa, humalizika kwa watu kurejea gatini.

Pingamizi

Huenda msomaji akasema kwamba riwaya ni sanaa ya watu, na kwamba soko la nguvukazi haliwezi kuwa mhusika. Pingamizi hili lina uzito, na Kuli yenyewe inaushuhudia. Palipokosekana Fuad wa kumchukia, mwandishi amelazimika mara kwa mara kuwatwika wahusika wake maelezo, na mahali pengine mazungumzo yanageuka kuwa hotuba. Kwa upande wa fani, Kasri ya Mwinyi Fuad ni riwaya inayosisimua zaidi. Lakini udhaifu huo unatokana na ugumu wa jambo linaloelezwa, na mhakiki anayeupima bila ya kuuona ugumu huo hamtendei mwandishi haki. Ni rahisi kumchora anayepiga kuliko kuuchora mshahara usiotosha.

Hitimisho

Sasa ninaweza kumjibu mwanafunzi wangu. Kama Fuad angekuwa mpole, Kijakazi angebaki Kijakazi, na pengine angechelewa zaidi kuamka, kwani upole wa bwana ungempa sababu ya kumshukuru. Na kama mawakala wote wa bandari wangekuwa wapole, Rashidi angebaki kuli.

Jambo hili si la riwaya pekee. Vibarua wangali wanasimama alfajiri kwenye malango ya Eneo la Viwanda, Nairobi, wakingoja kuchaguliwa kwa kazi ya siku. Dereva anayepata abiria kwa programu ya simu hukatwa fungu la nauli kila safari na mkataji asiyemwona wala kumsikia. Hana Fuad wa kumlaumu. Akilalamika, hujibiwa kwa ujumbe wenye adabu. Kijana tuliyemfunza kwamba dhuluma huja na mjeledi hataitambua ikija na adabu.

Kwa sababu hiyo, mwaka huu nimelibadilisha swali langu la mtihani. Siwaulizi tena wanafunzi Fuad ni mtu wa aina gani. Nawauliza: katika riwaya hii, nani anaishi kwa jasho la nani, kwa mapatano gani, na ni nini kinachomzuia anayetoka jasho kuyakataa mapatano hayo?