Kicheko Hiki Kinampiga Nani?

Kila anayeanza kuandika hutaka kuchekesha. Haki yake. Lakini kabla hujamwaga wino, jiulize suali moja tu: huyo unayemcheka anapo pahala pa kujibu? Kwa suali hili nataka tuyapime magazeti ya kejeli, ya Waingereza na ya kwetu.

Tuanze mbali, maana hata maana tuliyonayo ya neno "katuni" imezaliwa kwenye masihara. Gazeti la Punch lilianza London mwezi wa Julai 1841. Mwaka 1843 wakubwa wa huko walifanya maonyesho ya michoro ya kupambia kuta za Bunge jipya, kwani la zamani liliungua 1834. Michoro ya namna hiyo, inayotangulia picha yenyewe, ndiyo iliyokuwa ikiitwa katuni. Punch wakaona, hee! Watu wana njaa, nyinyi mnachagua mapambo! John Leech akachora mafukara wenye matambara wakikodolea macho picha za watu walioshiba, na gazeti likaiita "Katuni Namba 1". Tangu hapo neno likabadilika maana. Kicheko kile kilipanda juu, kikawapiga wenye kuta.

Lakini Punch hilo hilo liliponenepa, lilisahau. Mchoraji wake mkubwa, John Tenniel, aliwachora waasi wa Ireland wana sura za nyani. Muireland masikini atajibia wapi? Na mwaka 1892, miaka miwili baada ya Unguja na Pemba kuwekwa chini ya himaya ya Uingereza, Linley Sambourne alimchora Cecil Rhodes kapanua miguu, mmoja Cairo, mmoja Cape Town, na waya wa simu mikononi. Picha hii husifiwa sana kwa kejeli yake. Mimi nina shaka nayo. Itazame vizuri: Rhodes ni jitu, mrefu, mzuri, bara zima lipo chini ya viatu vyake na hamna mtu hata mmoja anayeonekana humo. Picha kama hiyo mwenyewe angeweza kuitundika sebuleni. Kejeli ambayo mkejeliwa anaweza kuitundika sebuleni, hiyo ni sifa iliyovaa koti la mzaha. Punch lilifungwa 1992, likafufuliwa 1996, likafa tena 2002.

Sasa njooni kwetu. Nairobi, mwaka 1973, Hilary Ng'weno na Terry Hirst walianzisha jarida la Joe. Hirst alikuwa Muingereza, lakini Joe mwenyewe ni mtu wa kawaida wa mjini, kodi ya nyumba imemkaba na mwezi haujafika nusu. Hapa anayecheka ndiye mwenye dhiki, na anaicheka dhiki yake mwenyewe. Jarida lile lilichapisha na hadithi fupi, likadumu mpaka 1979. Vijana wenye kutaka kuandika riwaya, hilo ndilo la kuligaia macho.

Tanzania tulikuwa na Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru. Kachekesha kweli. Lakini Uhuru ni gazeti la chama, na mtoto aliyelelewa katika nyumba ya bwana anajua mlango upi haugongwi. Halafu likaja Sani, na akina Lodilofa na Ndumilakuwili wa mkono wa Philip Ndunguru, aliyefariki 1986. Lodilofa, fukara anayejifanya tajiri, ni kazi safi, maana kila mtaa unaye. Ila Sani nalo lilikuwa na ugonjwa wake: mwanamke mara nyingi ni makalio na tamaa ya pesa, na mtu wa shamba ni mjinga tu.

Hapa linanigusa mimi wa Makoongwe. Katika vichekesho vya bara, Mpemba ni wawili tu: mwenye duka anayebana senti, au mchawi. Basi! Mvuvi hamna, mchuma karafuu hamna, mwalimu wa skuli hamna. Tunacheka na sisi, kwani ukinuna unaambiwa huna utani. Lakini Mpemba yule wa kwenye katuni na Muireland yule wa Tenniel ni ndugu, baba mmoja.

Wazee wetu walikuwa na mizani bora. Kitabu cha Kale ya Washairi wa Pemba, kilichotoka 2011, kinatuhifadhia Kamange na Sarahani, mabingwa wawili wa kisiwa hiki waliopambana kwa mashairi. Huyu kampiga kijembe mwenzake, mwenzake akarejesha. Mwenye kupigwa alikuwa na ulimi sawa na mpigaji. Huo ndio utani wa watu wazima.

Mkubwa naye ana pahala pa kujibu, tena zaidi ya kalamu. Zanzibar gazeti la Dira lilifungiwa 2003. Januari 2015 gazeti la The EastAfrican lilizuiwa Tanzania, siku chache baada ya katuni ya Gado juu ya Rais Kikwete. Serikali ilisema halikusajiliwa. Mwaka uliofuata mkataba wa Gado na Nation haukuendelea. Kwa hivyo kumcheka mkubwa kuna bei. Kumcheka mchukuzi wa bandarini Mkoani hakuna bei, ndiyo maana wengi wetu tunakimbilia huko.

Katika riwaya ninayoiandika yumo sheha mmoja, mtu wa maneno matamu na mhuri mzito. Wenzangu wananiambia nimgeuze awe kichaa wa kijiji, salama zaidi. Simgeuzi. Kichaa hajanifanya kitu.

Na wewe, fungua daftari lako. Huyo uliyemchekesha humo, umemchagua kwa kuwa anastahiki, au kwa kuwa hana wa kumtetea?