Mohamed Yupi? Wajina, Marejeleo na Uhakiki Wetu

Mwaka uliopita wa masomo tulipokea ripoti ya utafiti ya mwanafunzi wa mwaka wa tatu, iliyohusu ukuaji wa Mohamed kama mwandishi wa riwaya. Lugha yake ilikuwa safi, sura zake zilipangwa vizuri, na hoja yake ilieleweka. Mohamed, alisema mwanafunzi, alianza mwaka 1972 kwa kuandika Kiu, riwaya ya mapenzi na tamaa. Mwaka 1976 akapiga hatua kwa Nyota ya Rehema, akagusa rangi na ardhi. Kufikia mwaka 1980, alipotoa Utengano na Dunia Mti Mkavu, alikuwa amekomaa na kuwa mwandishi wa kitabaka. Wasomaji wawili waliipitisha ripoti hiyo. Msomaji wa tatu ndiye aliyeshtuka. Mwandishi anayezungumziwa pale hayupo.

Kiu na Nyota ya Rehema ni kazi za Mohamed Suleiman Mohamed. Utengano na Dunia Mti Mkavu ni kazi za Said Ahmed Mohamed. Wote wawili ni Wazanzibari, na walianza kusomwa katika muongo mmoja. Hata hivyo ni watu wawili, wenye macho mawili tofauti ya kuitazamia dunia. Mwanafunzi wetu alikuwa ameandika wasifu wa mtu aliyemuumba yeye mwenyewe.

Tulimwita ili tumwonye. Naye, kwa heshima zote, akafungua jalada lake na kutuonyesha alikoyatoa hayo. Ilikuwa ni orodha ya usomaji tuliyoigawa sisi wenyewe darasani. Iliandikwa hivi: Mohamed (1972), Mohamed (1976), Mohamed (1980a), Mohamed (1980b). Hapo tulinyamaza. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Makala haya, basi, hayakusudii kumcheka mwanafunzi. Yanakusudia kuuhakiki uhakiki wetu, yaani namna tunavyowataja waandishi wa Kiswahili na namna jambo hilo dogo linavyoharibu usomaji wenyewe.

Jina la mwisho si jina la ukoo

Katika Kiswahili watu wenye jina moja huitwa wajina. Wazee wa Pwani husema pia somo: "Huyu ni somo yangu," yaani tumeitwa jina moja. Jambo hili ni la kawaida mno katika jamii zenye majina ya Kiislamu, kwa sababu mtoto hupewa jina lake, likafuatiwa na la baba, kisha la babu. Zamani viungo vya "bin" na "binti" vilionyesha wazi mnyororo huo. Siku hizi vimedondoka katika maandishi, ila mnyororo umebaki. Tena mila ya kumwita mtoto kwa jina la babu yake hulirudisha jina moja mwanzo na mwisho. Ndiyo maana tuna mwandishi anayeitwa Mohamed Suleiman Mohamed.

Sasa chukua utaratibu wa marejeleo tuliourithi kutoka vyuo vya Ulaya na Marekani, unaodhani kwamba jina la mwisho ni la ukoo na ndilo linalomtambulisha mtu. Ukiutumia kwa Said Ahmed Mohamed, unamwita kwa jina ambalo kwa mpangilio wa kawaida ni la babu. Unamwacha Said, ambaye ndiye aliyeandika, ukamtia babu katika mabano pamoja na mwaka wa kuchapishwa! Na kwa kuwa babu wengi waliitwa Mohamed, waandishi wengi wanakuwa mtu mmoja.

Wasomaji wetu wa Uganda wasidhani kwamba hili ni tatizo la Waswahili peke yao. Ni wanafunzi wangapi wanaoamini kwamba akina Okello wa historia yetu ni ndugu wa nyumba moja? John Okello aliongoza wapiganaji katika Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964. Bazilio Olara-Okello aliongoza mapinduzi ya Julai 1985 hapa Uganda, na Tito Okello akawa rais hadi Januari 1986. Kwa Waluo jina Okello hupewa mtoto wa kiume aliyezaliwa akiwafuata mapacha, na msichana huitwa Akello. Linaeleza hali ya kuzaliwa na halisemi lolote kuhusu ukoo. Anayejua Kiluo hawezi kuwaunganisha watu hao kwa jina tu. Vivyo hivyo, anayejua mila ya majina ya Pwani hawezi kuwaunganisha akina Mohamed.

Msururu wa majina

Tuwatazame wanaochanganywa mara kwa mara katika madaftari ya wanafunzi wetu, kwani kila mmoja ana uwanja wake.

Wa kwanza ni Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa mwaka 1918 na kufariki mwaka 1991. Alikuwa mtu wa magazeti. Hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960, ilimleta Bwana Msa, mpelelezi mvuta kiko, pamoja na rafikiye Najum. Kisima cha Giningi ikafuata mwaka 1968. Huyu ndiye tunayemhesabu kuwa mwasisi wa riwaya ya upelelezi ya Kiswahili.

Wa pili ni Mohamed Said, mtu wa historia. Kitabu chake kuhusu Abdulwahid Sykes (1924–1968), kilichochapishwa kwa Kiingereza mwaka 1998, kinajadili wazee wa Dar es Salaam na mchango wao katika harakati zilizozaa TANU. Si mtunzi wa riwaya za Zanzibar, wala si Muhammed Said Abdulla aliyekatwa jina la mwisho, kama tulivyowahi kusoma katika insha moja.

Wa tatu na wa nne ni wanariwaya wetu wawili. Hapa kuna tata nyingine. Said Ahmed Mohamed ni mwanariwaya, mshairi, mwandishi wa tamthilia na pia msomi aliyefundisha kwa miaka mingi Chuo Kikuu cha Bayreuth, Ujerumani. Makala yake mengi ya kitaaluma yanabeba jina la Said A. M. Khamis. Kwa hiyo tuna wanafunzi wanaowafanya Mohamed wawili kuwa mtu mmoja, na papo hapo wanamfanya mmoja kati yao kuwa watu wawili. Tumesoma kazi inayomnukuu Khamis kama mhakiki "asiyeegemea upande" wa riwaya za Said Ahmed Mohamed. Sifa hiyo, nadhani mwenyewe angeicheka.

Adam Shafi naye, mwandishi wa Kuli na Vuta N'kuvute, ameorodheshwa mara kama Shafi Adam Shafi na mara kama Adam Shafi Adam. Mwanafunzi anayetafuta vitabu vyake maktabani hana budi kujaribu herufi zaidi ya moja.

Kuna pia wajina wasiokutana popote isipokuwa katika mashine ya kutafutia. Ebrahim Hussein ndiye mtunzi wa Kinjeketile (1969) na Mashetani (1971). Mwanafunzi akiandika "Ibrahim Hussein" kwenye intaneti atakutana na Mkenya aliyeshinda mbio za marathoni za New York mwaka 1987, na za Boston mwaka 1988, 1991 na 1992. Herufi moja tu, naye ametoka jukwaani akaingia barabarani. Kosa la namna hiyo halidumu, maana uwanja wa mtu humsaliti upesi. Kosa la hatari ni lile la watu wa uwanja mmoja, kwa kuwa hapo hakuna kinachopiga kelele.

Kilichopotea katika ripoti ile

Mwenzetu mmoja alituuliza kwa nini tunajisumbua. Si tunafundisha nadharia zinazosema kwamba mwandishi akishaandika amekufa, na kwamba matini ndiyo inayosema? Tunakubali kwamba matini husema. Lakini hata kama mwandishi amekufa kinadharia, haturuhusiwi kuwazika wawili katika kaburi moja. Isitoshe, ni matini zenyewe zilizoumizwa na kosa hili.

Tuchukue Nyota ya Rehema na Utengano. Zote mbili zina binti anayetoka nyumbani kwa baba. Rehema ni binti wa Fuad, baba mwenye mashamba ambaye hampokei kwa moyo mmoja kwa sababu ya rangi yake. Anatoroka, anahangaika, na hatimaye anashika jembe pamoja na Sulubu. Ardhi hiyo waliyoilima kwa jasho ndiyo inayowaletea msiba. Maimuna wa Utengano anafungiwa ndani na baba yake Maksuudi, mtu wa mali na siasa. Akipata upenyo anatoka, anaanguka katika maisha ya danguro mjini, kisha anarudi na kuanza upya.

Mwanafunzi wetu aliona mfanano huo na akasema kwamba Mohamed "aliirudia dhamira yake kwa ukomavu zaidi". Kwa neno hilo moja mjadala ulikwisha. Nyota ya Rehema ikawa zoezi la kujiandaa, na Utengano ikawa jibu sahihi. Lakini tukijua kwamba ni waandishi wawili, swali linafunguka upya. Tuanze na anwani zenyewe. Nyota ni kitu ambacho mtu huzaliwa nacho. Utengano ni kitu ambacho watu hukitenda. Mohamed Suleiman anaweka neno la majaliwa juu ya jalada, kisha ndani ya kitabu anatuonyesha kwamba kilichomwangamiza Rehema si nyota hata kidogo. Ni rangi, urithi na hati za ardhi. Kejeli hiyo ndiyo nguvu ya riwaya, na mwisho wake unabaki mchungu. Said Ahmed anataja ugonjwa kwa jina lake tangu anwani, na kwa kuwa umeletwa na watu, anamwachia Maimuna njia ya kurudi.

Ni yupi aliyeona mbali zaidi? Sisi tunaelekea kusema kwamba Nyota ya Rehema imemheshimu zaidi msomaji, kwa kuwa haimpi faraja ambayo historia haikuitoa. Mwingine atasema kwamba faraja ya Utengano ni wito wa kutenda. Huo ni mjadala wa kweli, wenye pande mbili. Ripoti ile iliunyima nafasi kwa kudhani kwamba ni mtu mmoja aliyebadili mawazo alipokua. Tofauti ya watu ikageuzwa kuwa hatua za umri.

Na Said Ahmed mwenyewe alipata hasara. Kukua kwake halisi kulianzia Asali Chungu, yenye Dude, mtoto wa nje ya ndoa wa tajiri Zuberi, kukafika Babu Alipofufuka ya mwaka 2001, ambamo uhalisia umepasuliwa na mzimu wa babu anamjia mjukuu wake K. Safari hiyo ndefu haikutajwa katika ripoti, kwa sababu nafasi yake ilijazwa na vitabu vya mtu mwingine.

Tufanye nini?

Tumeanza na orodha zetu. Kila mwandishi sasa anaandikwa kwa majina yake yote anapotajwa mara ya kwanza. Ndani ya matini tunaandika Mohamed Suleiman na Said Ahmed, kama watu wa kwao wangewaita, na katika mabano M. S. Mohamed na S. A. Mohamed, ili mtindo wa chuo usivunjike. Penye jina la Khamis tunaongeza maelezo mafupi kwamba ni Said Ahmed yuleyule.

Hata hivyo orodha haitoshi. Mwanafunzi anayetegemea jalada kumjua mwandishi bado hajamsoma. Kwa hiyo tumeanza zoezi jingine. Tunagawa kurasa mbili zisizo na jina, moja ya kila mwandishi, na kuuliza nani kaandika nini na kwa ushahidi upi: sentensi, mazungumzo, namna mandhari inavyochorwa, namna msimulizi anavyomkaribia mhusika. Mara ya kwanza darasa lilibahatisha. Mara ya tatu walibishana hadi kengele ikalia, wakitaja mistari. Kati ya waliobishana sana alikuwamo yule mwanafunzi wa ripoti. Tulimruhusu kuiandika upya, naye akaigeuza kuwa ulinganishi wa Rehema na Maimuna. Ni kazi bora kuliko ile ya kwanza, nasi tumeiweka katika maktaba ya idara.

Tunawaomba walimu wenzetu, hasa wanaofundisha mbali na Pwani kama sisi, wafungue orodha zao wiki hii na kuzikagua. Wanafunzi nao, wakiona jina moja na miaka minne, waulize kabla ya kuandika: Mohamed yupi? Kiswahili kilichompa mwenye jina moja nawe jina la somo hakikukosea. Kwa upande wetu, somo tumelipata.