Kitani, Gundi na Mafuta ya Mbarika

Kabla ndege ndogo ya watalii haijatua Kikoboga, ndani ya Hifadhi ya Mikumi, kuna kazi ambayo abiria haioni. Uwanja hukaguliwa toka ncha hadi ncha. Swala pala na pundamilia waliokuja kula majani mafupi hufukuzwa. Shimo alilochimba ngiri usiku hufukiwa na kushindiliwa. Mvua ikiwa imenyesha, mtu hushuka kwa miguu akakanyaga udongo kupima kama utabeba magurudumu, kwa kuwa mbuga ya Mkata ina udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi na kugeuka utelezi wakati wa masika. Ndege hutua, watu hupiga picha, na aliyefukia shimo ameshaondoka zamani.

Miaka zaidi ya mia moja iliyopita, kazi ya namna hiyo ilifanywa katika nchi hii kwa panga, jembe na moto. Tarehe 22 Agosti 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, wanajeshi wa upande wa Uingereza chini ya Jenerali van Deventer, waliokuwa wakiifuata reli ya kati kutoka Dodoma, waliingia Kilosa. Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma walikuwa wamebomoa madaraja. Farasi walikufa kwa mbung'o, wengi mno. Siku nne baadaye Waingereza wakaichukua Morogoro. Katika nyanda zile nyasi zilimficha mtu aliyesimama, na kamanda hakuweza kujua kama adui yuko ng'ambo ya mto au ameshavuka milima. Akahitaji macho ya juu. Macho hayo yalikuwa Skwadroni ya 26 ya Kikosi cha Anga cha Jeshi la Uingereza, yenye watu wengi kutoka Afrika Kusini, iliyoshuka Mombasa mwishoni mwa Januari 1916 na kuyafuata majeshi hadi Morogoro.

Lakini wa kwanza kujifunza kurusha ndege za vita katika joto letu walikuwa wanamaji, Mafia na kwenye delta ya Rufiji, na somo lao lilianza kwa kuharibikiwa. Mwaka 1914 rubani raia kutoka Durban, H. D. Cutler, aliletwa na ndege-boti ya Curtiss kuitafuta manowari ya Kijerumani Königsberg iliyojificha deltani. Rejeta ya ndege ilivuja. Ikapatikana rejeta ya gari la Ford huko Mombasa, ikasafirishwa kwa manowari, ikafungwa kwenye ndege, na ndege ikaruka. Sijui kama kuna fundi wa gereji hapa nchini ambaye hatatabasamu akisikia habari hiyo. Cutler aliiona meli, kisha mwezi Desemba akalazimika kushuka mtoni akatekwa.

Februari 1915 akaja Luteni wa Anga John Cull na ndege mbili za majini aina ya Sopwith. Hizo zikashindwa hata kubeba mzigo wake. Hewa yenye joto ni nyepesi, kwa hiyo bawa hupata kidogo cha kuegemea, na injini nayo hupata hewa pungufu ya kuchomea petroli. Mwangalizi akaachwa chini, mabomu yakaachwa chini, na petroli ikapunguzwa. Tena pangaboi zake, zilizotengenezwa kwa mbao nyembamba zilizogandishwa moja juu ya nyingine, zikaanza kuachana, kwa sababu gundi ya kwato na ngozi haikuvumilia joto na unyevu wa kisiwa cha Niororo.

Hapo ndipo fundi anapoingia. Vitabu vya vita humtaja rubani kwa jina, cheo na nishani. Fundi hutajwa kwa wingi tu, “mafundi”. Tumfuate basi katika kazi yake.

Ndege ilifika ndani ya makasha. Fundi hakukimbilia kufungua yote. Alianza na kasha la mbao za mabawa, akazitazama kwa jicho moja kutoka ncha hadi ncha akitafuta mpindo. Mbao hizo zilikatwa katika nchi za baridi. Zikiletwa pwani hunyonya unyevu na kuvimba, zikipelekwa bara wakati wa kiangazi hukauka na kusinyaa. Boliti iliyokazwa sawasawa Zanzibar ilikuwa inacheza ilipofika Morogoro. Kwa hiyo spana ilipita kwenye kila boliti, na baada ya siku chache ilipita tena. Kila nati ilifungiwa kotapini ili mtetemo usiifungue angani, na kotapini ya zamani haikutumiwa mara ya pili.

Kiunzi kikishanyooka, huvishwa kitambaa. Kitambaa ni kitani, na kilicho bora kilitoka Ireland. Kinakatwa kwa nafasi, kinatandazwa juu ya bawa, kinavutwa kwa mikono miwili kuelekea ukingo wa nyuma, kisha kinashikizwa. Hapa haraka haifai: kikivutwa mno upande mmoja, kitapinda mbavu nyembamba za bawa kitakapokaza, kikiachwa kilegee, upepo utakinyanyua. Halafu sindano. Uzi ni wa kitani pia, umepakwa nta. Sindano ndefu inazama juu ya ubavu mmoja wa bawa, inatokea chini, inazungushwa ubavu, inarudi juu, na uzi unapigwa fundo. Kisha inasogezwa karibu upana wa kiganja, na inazama tena. Kila fundo linajitegemea, ili uzi ukikatwa na kipande cha risasi, fundo moja tu lipotee na mengine yabaki yameshika. Bawa moja lina mbavu nyingi, na ndege yenye mabawa ya ghorofa mbili ina mabawa manne. Mtu wa kushona na mtu wa kupokea sindano upande wa chini wanaweza kukaa siku nzima bila kusemezana zaidi ya “vuta” na “legeza”.

Juu ya mishono hubandikwa utepe uliochambuliwa kingo zake, kwa sababu nyuzi zilizochambuka hushika vizuri kuliko ukingo ulionyooka. Kinachobandika ni vanishi maalumu ya kukazia kitambaa, yenye harufu kali ya kulevya. Vanishi hiyo hupakwa kwa brashi pana, mkono mmoja baada ya mwingine, mara nne au tano. Kila mkono ukikauka, kitani kinajivuta chenyewe, mikunjo inatoweka, na fundi akigonga kwa kidole husikia mlio wa ngoma iliyokwisha kuwambwa.

Nchi yetu ilimfundisha hapa subira ambayo hakuihitaji Uingereza. Vanishi ikipakwa wakati hewa imejaa unyevu, inapokauka hupoza kitambaa, unyevu unatuama juu yake, na bawa linabadilika rangi kuwa jeupe kama limepakwa chokaa. Weupe huo ni udhaifu. Sehemu hiyo haikazi, na lazima ilainishwe na kupakwa upya. Basi fundi alisubiri. Asubuhi ukungu ungali juu ya mikoko, hakupaka. Wingu la mvua likitokea upande wa kusi, aliweka brashi chini. Kamanda aliyetaka ndege yake kesho angeweza kufoka kadiri apendavyo. Vanishi haikuwa inapokea amri. Baadaye ilikuja rangi ya kahawia-kijani ya kupaka juu ya yote, iliyoundwa ili jua lisiozeshe kitani, na hiyo nayo ilitaka siku yake ya ukavu.

Kisha nyaya. Mabawa ya juu na ya chini yalishikwa na nguzo za mbao na nyaya za chuma zilizopishana, kila waya ikiwa na skrubu yake ya kukazia. Kwa timazi na pimamaji fundi alipima kila pembe, akakaza huku robo mzunguko, akalegeza kule robo mzunguko, akarudi nyuma hatua kumi na kuitazama ndege nzima kwa mbele. Waya moja ikikazwa mno inazivuta nyingine tatu. Ndege iliyopangwa vibaya humvuta rubani upande mmoja safari nzima, na mikono yake ndiyo inayomwambia fundi wapi alikosea.

Injini ilikuwa dunia nyingine. Baadhi ya injini za wakati ule zilikuwa za kuzunguka nzima: silinda zote huzunguka pamoja na pangaboi, na mhimili wa katikati umetulia. Mafuta yake yalikuwa ya mbarika, yale yale ya nyonyo ambayo mmea wake huota kwenye majalala na kando ya njia Kilosa mpaka leo. Mafuta ya mbarika hayachanganyiki kwa urahisi na petroli, kwa hiyo yalibaki yakilainisha pale ambapo mafuta ya madini yangesafishwa na petroli. Lakini injini hiyo haikuyarudisha. Iliyatupa hewani, yakamrukia rubani usoni na kulowesha kitambaa. Ndege ikitua, kazi ya kwanza ilikuwa kuipangusa. Kazi ya pili, baada ya saa chache tu za kuruka, ilikuwa kuivua injini yote, kukwangua masizi, kutazama valvu moja moja na kuirudisha.

Petroli ilikuja kwa madebe, mawili ndani ya kasha la mbao, na bara ililetwa pia kichwani kwa wapagazi. Debe lililobebwa juani siku kadhaa lina kutu na maji ndani. Kwa hiyo petroli ilimiminwa polepole kupitia ngozi laini iliyotandikwa kwenye faneli: ngozi iliyolowa petroli huipitisha petroli na kuyazuia maji. Tone moja la maji katika bomba la mafuta lilitosha kuizima injini juu ya mikoko ya Rufiji, ambako hakuna pa kutua. Naamini mtu aliyeshika faneli hiyo aliokoa roho nyingi kuliko bunduki yoyote iliyofungwa kwenye ndege hizo.

Ubora wa kazi hiyo ulipimwa tarehe 11 Julai 1915. Cull na mwangalizi wake, Harwood Arnold, waliruka kutoka Mafia kwa ndege ya Henri Farman kuelekeza mizinga ya manowari bapa mbili, Severn na Mersey, zilizokuwa zimeingia mtoni. Arnold alipiga simu ya upepo: mbali mno, karibu mno, kushoto. Mizinga ya Königsberg ikaipata injini yao. Ndege ikaanza kushuka bila nguvu, ikiteleza juu ya hewa, na Arnold aliendelea kutuma masahihisho mpaka makombora yakaanza kuangukia melini. Mabawa yalishika. Nyaya zilishika. Wakaanguka majini karibu na Mersey, ndege ikapinduka, wote wawili wakatoka hai. Siku hiyo Wajerumani waliizamisha wenyewe meli yao iliyoharibika.

Baadaye zikapendwa Farman zenye kiunzi cha mabomba ya chuma, na mimi nadhani uamuzi huo ulitokana zaidi na malalamiko ya mafundi kuliko ushauri wa majenerali. Chuma hakinyonyi unyevu wala hakina gundi ya kuachana. Kitani, hata hivyo, kilibaki kitani, na sindano iliendelea kuzama.

Wajerumani nao walikuwa na ufundi wao wa anga, wa kinyume kabisa. Mwaka 1917 jeshi lao la majini liliamua kumpelekea kamanda wao wa Afrika Mashariki, Lettow-Vorbeck, shehena kwa meli ya anga, Zeppelin L59, iliyoongezwa urefu ukapita mita 226. Tarehe 21 Novemba iliondoka Jamboli, Bulgaria, chini ya Ludwig Bockholt, ikiwa na tani karibu 15 za risasi, bunduki za rashasha na dawa. Haikukusudiwa kurudi, maana haidrojeni ya kuijaza upya isingepatikana huku. Kwa hiyo waliounda chombo hicho waliwaza tangu mwanzo jinsi kitakavyovunjwa: kitambaa cha nje kiwe mahema, bitana iwe bandeji, ngozi ya kijia cha kupitia mabaharia iwe viatu, na kiunzi cha duralumini kiwe milingoti ya simu ya upepo. Mshonaji aliyeunga vipande vya ganda lile Ujerumani alikuwa akishona hema la askari asiyemjua. Magharibi ya Khartoum mabaharia wa L59 wakapokea amri ya kurudi. Wakageuza, na tarehe 25 Novemba wakatua Jamboli walikotoka, baada ya saa 95 na kilomita 6,757 bila kugusa ardhi. Injini zinazokaa angani muda huo zina mtu aliyezikalia usiku na mchana.

Tarehe 1 Aprili 1918 kikosi cha anga cha wanamaji wa Uingereza kiliunganishwa na kile cha jeshi la nchi kavu. Siku sita baadaye L59 iliungua juu ya mlango-bahari wa Otranto pamoja na watu wake wote. Skwadroni ya 26 ilikuwa imeshaondoka Afrika Mashariki mapema mwaka huo. Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha Abercorn, ambayo leo ni Mbala ya Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, mwaka mmoja kamili tangu meli ya anga aliyotumiwa irudi ilikotoka.

Mmoja wa waangalizi wa Skwadroni ya 26, Leo Walmsley, aliandika kumbukumbu zake katika kitabu Flying and Sport in East Africa kilichochapishwa mwaka 1920. Ukikipata, kisome, na kila anapokwambia kwamba waliruka alfajiri, uliza bawa lile lilikaushwa saa ngapi, na nani alikuwa ameshika sindano upande wa chini.